Tupeane uzoefu: ni lini uliacha kuangalia muvi ili mradi, ukaanza kuitazama?

Mwenye uzi, Uyole Mbeya

Wadau, habari za jioni. Wengi wetu wa huku nyanda za juu tumekulia kwenye mabanda ya video. La kwangu lilikuwa Mwanjelwa: mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, TV ya chogo juu ya meza. Tukitoka pale mazungumzo yalikuwa stelingi kaua wangapi, na adui kafa vipi. Nilikaa hivyo mpaka nimekuwa mtu mzima mwenye familia.

Kilichonibadilisha ni basi la Dar. Nilikuwa nafuata mzigo Kariakoo, kilomita 800 na ushee kwenda tu. Safari moja spika ya upande wangu ilikuwa imekufa. Imewekwa muvi ya Kibongo, mimi naona midomo inacheza. Sikuwa na la kufanya ila kutumia macho. Tangu Mafinga hadi tunaanza kuteremka Kitonga nikafuatilia ndoa ya watu wawili bila kusikia neno. Mwanzoni mke amesimama, mume amekaa chini yake. Kadiri tulivyokwenda, mke akawa anasogezwa pembeni ya picha, mwishoni kabaki kwenye kona ya kochi, kamera inamtazama kutoka juu. Nikajua pale hakuna ndoa tena.

Lakini kulikuwa na vipande vingine, dakika tano nzima watu wamekaa kwenye makochi wanaongea na kamera haijatikisika. Bila sauti hapakubaki kitu. Tangu siku hiyo kila muvi naipa mtihani huo: nazima sauti dakika chache, nione kama picha inasema chochote. Kwenu ilikuwaje?

Kutoka Kihesa, Iringa

Kamwene ndugu zangu. Mimi napiga picha za harusi, na shule yangu ilikuwa kesi.

Niliediti video ya harusi moja hapa mjini. Kuna sehemu bibi harusi anacheza na wenzake, na mimi nilikuwa na kipande cha mama mkwe kakunja uso. Nikakiweka hapo, kwa sababu tu nilihitaji kitu cha kuziba pengo. Wiki mbili baadaye bwana harusi kaja ofisini kwangu kanuna. Kwao wamekaa kikao: kwa nini mama alimtazama binti wa watu vile? Nikamfungulia mafaili ya siku ile. Mama alikuwa nje ya kanisa, jua la saa saba linampiga usoni, bibi harusi hayupo hata karibu. Zile picha mbili zilipishana masaa manne.

Nilitetemeka. Mimi ndiye niliyetengeneza chuki ile, kwa kubandika tu picha mbili pamoja. Baadaye nikaja kujua kwamba Warusi waliligundua hili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Inasimuliwa kuwa mwongozaji Lev Kuleshov alichukua uso mmoja wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, usio na hisia yoyote, akaufuatanisha na bakuli la supu, kisha jeneza la mtoto, kisha mwanamke. Watazamaji wakamsifu jinsi alivyoonyesha njaa, huzuni na tamaa. Uso ni uleule!

Sasa nikiona kwenye muvi mtu katazama pembeni halafu picha ikahama, najiuliza: nani kaamua nione hiki baada ya kile? Taarifa ya habari nayo naitazama hivyohivyo. Yule mama niliiediti upya video yake bila malipo, nikapanda hadi kwao kuomba radhi.

Kutoka Tukuyu

Ndaga mwenye uzi. Kwangu ni fupi. Muvi moja ya kivita niliizoea kwa sauti ya dijei wa kutafsiri, nikaikuta tena bila tafsiri. Yule mzee niliyeambiwa ni msaliti alikuwa baba anayemficha mwanawe. Nawapenda madijei wetu, ni wasimulizi hasa, lakini siku hiyo nilijua kwamba nilikuwa nimeangalia muvi mbili tofauti.

Kutoka Mafinga

Mimi ni mama wa watoto watatu. Nikiwa na miaka 16 nilipelekwa Dar kufanya kazi za ndani, kama mabinti wengi wa mkoa wetu. Jioni tajiri akiwasha muvi, mimi nilikuwa naangalia kwa kusimama mlangoni, masufuria yakinisubiri. Na humo kwenye muvi alikuwemo dada wa kazi, kila mara. Analeta juisi. Anaongea lafudhi ya kwetu, watu wanacheka. Anatoka. Nami nilicheka, miaka yote.

Mwaka juzi mtoto wa dada yangu aliye chuo alinionyesha filamu ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya 1966, *La Noire de…*. Haina rangi, ni ya saa moja tu, akawa ananitafsiria. Binti anaitwa Diouana, anatolewa Dakar kwenda Ufaransa akidhani atalea watoto, kumbe ni kupika na kudeki. Mdomoni hasemi mengi. Lakini tunayasikia mawazo yake, anajiuliza maswali yaleyale niliyokuwa najiuliza mimi jikoni. Kuna kinyago alichowazawadia matajiri wake, wamekitundika peke yake kwenye ukuta mweupe. Nilimwambia mpwa wangu asimamishe hapo. Nililia.

Tangu siku ile, muvi yoyote nikikaa nayo namtafuta dada wa kazi. Ana jina? Ana chumba? Akitoka na sinia lake, kamera inamfuata hata mara moja? Sembène mwenyewe aliwahi kuwa kuli bandarini Marseille, na mimi naamini ndiyo maana alijua kubaki na yule binti jikoni.

Mwenye uzi

Mama wa Mafinga, shikamoo. Nimesoma mara mbili. Ile muvi ya kwenye basi nayo alikuwemo dada wa kazi, na simkumbuki hata alivaa nini.

Kutoka Makambako

Mimi naangalia na bibi yangu, namtafsiria kwa Kibena. Juzi katika muvi moja ya kijijini kaniuliza: "Hawa wanapika tangu asubuhi, mbona hakuna aliyekwenda kuchota maji?" Nikarudisha nyuma kutafuta. Kweli, hakuna hata ndoo. Akasema niendelee tu, ila aliyeitengeneza hajawahi kuishi hapo.