Tunanunua Harvard watu wanne: tukague nini kabla ya kutoa hela?

mwana_wa_upepo
Habari za jioni wakuu. Tuko wanne, wote tuna leseni ya urubani binafsi hapa Uingereza, tunataka kuchanga tununue Harvard Mk 4, ndege ya zamani ya mafunzo ya kijeshi, ile iliyoundwa Kanada na Canadian Car and Foundry. Muuzaji anasema injini ina saa 180 tu tangu ifanyiwe ovahoo (kufunguliwa na kukarabatiwa yote) mwaka 2009. Ndege haijaruka miaka minne, lakini anaiwasha hangani kila mwezi dakika 10 "isilale". Imepakwa rangi juzi, inang'aa kama sarafu. Daftari zake zipo kuanzia 1985, za nyuma hazionekani. Tukague nini kabla ya kulipa? Inakunywa kiasi gani? Na siku tukitaka kuihamishia Nairobi, inabebwaje?

fundi_ribiti
Mkuu, achana na rangi, anza na mabawa.

Bawa la nje la Harvard linaungana na kipande cha kati kwa pembe za aluminiamu zenye umbo la L, kama anglaini ya fundi mageti, zilizopigwa ribiti na kufungwa kwa msururu wa bolti juu na chini. Ukivuta G, yaani ukikata kona kali au kuinua pua ghafla, mzigo wote unapita hapo. Mei 2005 SNJ-6, yaani ndege hiyohiyo kwa jina la jeshi la majini la Marekani, ilikatika bawa hewani huko Florida. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, wakatoa agizo namba 2005-12-51: pembe zote, za ndani na za nje, za juu na za chini, zikaguliwe kwa rangi ya kupenya inayowaka chini ya taa ya urujuanimno, na kazi irudiwe kila saa 200 za kuruka. Kwenye daftari tafuta ukaguzi huo kwa jina lake. "Mabawa yamekaguliwa, salama" si jibu.

Namna ya kuufanya ndiyo wengi wanapoharibu. Bati jembamba linalofunika maungio linatolewa, kisha rangi na praima vinababuliwa kwa dawa. Msasa na brashi ya waya marufuku: vinaiburuta aluminiamu laini juu ya mdomo wa ufa na kuuziba, ile rangi ya kupenya haiingii tena, halafu unaandikiwa kwamba ndege ni nzima. Osha, kausha, paka, subiri dakika zilizoandikwa kwenye kopo, futa kwa kitambaa, nyunyiza unga, zima taa za hanga ndipo uwashe ile ya urujuanimno. Ukiona nukta nukta za kijani zilizotawanyika, hivyo ni vishimo vya kutu. Ukiona mstari, hasa ndani ya kona pale L inapopinda, huo ni ufa, na pembe hiyo inabadilishwa, haichomelewi. Muuzaji akinuna kwamba rangi yake mpya itababuliwa, mwache anune.

Kingine ni fremu ya mbele, kuanzia ukuta wa moto (unaotenga injini na chumba cha rubani) hadi nyuma ya viti. Ile ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa. Maji hushuka yakatuama kwenye mabomba ya chini, kutu ikala kutokea ndani huku nje pamependeza. Taka kipimo cha unene kwa ultrasaundi, hasa karibu na viungo vya chini. Usukani wa mkia, elevata na eleroni (vibawa vya kuiongozea ndege) zimevikwa kitambaa. Ulizia kilibadilishwa lini, na ufungue tundu la ukaguzi uchungulie mifupa iliyo ndani.

Daftari za kabla ya 1985: bila hizo saa za bodi hazijulikani, kwa hiyo usikubali kulipia "bodi yenye saa chache".

silinda_tisa
Fundi kamaliza mabawa, mimi naingia kwenye injini. Hiyo habari ya kuiwasha kila mwezi dakika 10 ni sababu ya kushusha bei, si ya kuipandisha.

Injini ya Harvard, R-1340 Wasp, ni lita 22, silinda 9, nguvu farasi 600 wakati wa kupaa. Ili maji yatoke kwenye oili, oili lazima ikae na joto la kutosha kwa muda, na kwa dakika 10 chini haifiki huko. Mvuke unaotokana na mafuta kuungua unabaki ndani, unachanganyika na masizi, unageuka asidi, kisha unalala juu ya pete ya kamu, fani na kuta za silinda mpaka mwezi ujao. Injini iliyotiwa oili ya kuhifadhia, silinda zikafungwa plagi za kukausha unyevu na haikuguswa miaka minne, ningeiamini zaidi ya hii. Saa 180 kwa miaka yote hiyo tangu 2009 maana yake imekaa kuliko ilivyoruka.

Siku ya ukaguzi msiguse swichi kwanza. Magneto (zinazozalisha umeme wa cheche za plagi) zizimwe, propela izungushwe kwa mkono taratibu. Ina mapanga mawili na imefungwa moja kwa moja kwenye kranki, kwa hiyo ukihesabu mapanga 4 yakipita, yaani mizunguko miwili, kila silinda imepita mgandamizo wake. Wengi huzungusha 8 au 10 kwa usalama. Ikigoma ghafla, oili imejaa silinda ya chini, na oili haigandamizwi. Usilazimishe, wala usirudishe propela nyuma: ukirudisha, oili inasukumwa kwenye bomba la kuingizia hewa, unadhani umepona, kisha injini ikiwaka inaivuta yote kwa mpigo na konrodi inapinda. Toa plagi za silinda 5 na 6, halafu 4 na 7, hizo ndizo zilizo chini. Iache ichuruzike, ndipo uzungushe tena.

Kisha washeni, ipate joto, zimeni na mpime mgandamizo ikiwa bado moto. Hewa unaingiza kwa psi 80 (paundi kwa inchi ya mraba); silinda ikibaki na chini ya 60, sikiliza inatokea wapi. Ikisikika kwenye ekzosi ni vali ya kutolea moshi. Ikitoka kwenye mdomo wa kupumulia injini ni ringi au ukuta wa silinda. Pitisheni kamera nyembamba kwenye tundu la plagi muone kuta: mistari ya kahawia ni kutu. Halafu vueni chujio la oili mkamue kwenye kitambaa cheupe. Punje zinazonaswa na sumaku ni chuma, zinatoka kwenye gia au fani. Rangi ya shaba inatoka kwenye bushi. Vumbi jeupe lisilonaswa mara nyingi ni pistoni. Injini ikiwa inawaka, zima magneto moja moja pia. Mizunguko kwa dakika isishuke zaidi ya 100.

tandu
Kwa hela hiyo si mchukue Yak-52, ile ndege ya mafunzo ya Kisovieti? Farasi 360, matangi yake ni lita 122 tu, na vipuri vipo.

silinda_tisa
Ni ndege nzuri, sikatai. Ila Yak kila kitu ni hewa: kuwasha, breki, magurudumu. Vali moja ikivuja usiku, asubuhi chupa ni tupu na wewe unatafuta mtungi wa kujazia. Halafu jamaa kauliza Harvard.

mwana_wa_upepo
Shukrani sana wakuu. Yaani mmenifungua macho. Na mafuta? Na mafunzo?

rubani_mkia
Mafuta ni avgas 100LL, petroli ya ndege, weka lita 110 hadi 130 kwa saa mkiwa safarini, mkicheza sarakasi zaidi. Oili ni ile nzito ya daraja la 120. Lita 2 au 3 kwa saa si ajabu. Harvard isiyodondosha oili sakafuni, angalia kama imo.

Leseni zenu za injini moja ya pistoni zinatosha, lakini lazima mpate mafunzo ya nyongeza ya gurudumu la mkia, magurudumu yanayokunjwa na propela inayobadilisha pembe. Gumu ni hilo la mkia. Ukivuta fimbo ya kuongozea nyuma, gurudumu hilo linafungwa na kugeuka nyuzi 15 tu kila upande. Ukisukuma fimbo mbele kabisa, linaachiwa huru. Ajali nyingi za Harvard hutokea baada ya matairi kugusa ardhi, rubani akishapumua. Uzito uko nyuma ya magurudumu ya mbele, kwa hiyo pua ikianza kukimbia upande mmoja, mkia unaisindikiza. Ncha ya bawa inakwangua, mguu unakunjika, propela inapiga lami. Propela ikigonga, injini inafunguliwa yote, hata kama mliinunua jana. Fimbo ibaki tumboni na miguu ifanye kazi hadi ndege isimame.

Kwa sababu mko wanne, andikeni kabisa nani analipa sehemu ya hasara isiyofidiwa na bima endapo mmoja wenu atazungusha ndege chini. Na kubalianeni mwendo wa injini: kupaa inchi 36 (shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini) na mizunguko 2,250 kwa dakika, safarini kama inchi 28 na 2,000. Mkishuka msifunge gesi ghafla. Kwa kila mizunguko 100 bakisheni angalau inchi moja, yaani kwa 2,000 msiende chini ya inchi 20. Chini ya hapo upepo ndio unaoizungusha injini, na fani ya konrodi kuu inasukumwa upande ambao oili haiifikii vizuri. Mmoja akiwa na mguu mzito, injini inakufa kwa niaba ya wanne.

fundi_ribiti
Nairobi: kuirusha hadi huko ni mateso. Kibali cha kuruka cha CAA, mamlaka ya anga ya Uingereza, si cheti cha kimataifa, kila nchi mtakayopita mnaiomba ruhusa. Meli ni rahisi zaidi. Kontena la futi 40 lina upana wa ndani kama mita 2.35, na kipande cha kati cha bawa pamoja na miguu yake hakipiti kikiwa kimelala. Mnakitoa kwenye bodi au mnatumia jukwaa la wazi la meli na kulipia zaidi. Waandikieni KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, kabla ya kufungua bolti moja, kwa maana ndege yenye asili ya kijeshi ina maswali yake. Avgas pale Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, mtapata. Uwanja uko juu futi 5,500 hivi, hizo inchi 36 msizitegemee; kupaa kutakuwa kurefu na ardhi itapita kasi wakati wa kutua.

Harvard kule si ngeni. Flight 1340, kikosi kidogo cha jeshi la anga la Uingereza (RAF), ilizirusha kati ya 1953 na 1955, ikidondosha mabomu ya ratili 20 kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya wakati wa Mau Mau. Namba 1340 kufanana na ya injini ni sadfa tu. Lakini ule mlio, wa ncha za propela ya futi 9 zikikaribia kasi ya sauti, kuna wazee Nyeri wanaoujua, na si kwa maonyesho. Likumbukeni hilo mkiwaza kupita chini upande huo.

Mkiamua kusafirisha, pembe zikaguliwe siku mabawa yanapotolewa kwa ajili ya safari. Kazi ya kubandua imeshalipiwa, na upande wa ndani wa pembe uko wazi kuliko mtakavyouona tena. Bolti za zamani zisirudi. Nunueni seti mpya pamoja na nati zake, zisafiri kwenye kontena hilohilo.