Naomba ushauri: video za kufundishia stadi za uwakili

Walimu wenzangu na mawakili, habari zenu. Nafundisha stadi za uwakili hapa Kampala: kumhoji mteja, kuandaa hati, kumdodosa shahidi. Sheria ya Ushahidi wanafunzi wanaijua. Waulize maswali ya kuongoza (yale yanayomdokezea shahidi jibu) yanaruhusiwa lini, watakujibu bila kusita. Ila wape shahidi mbishi, ulimi unakauka.

Nimerekodi kwa simu mahojiano ya kuigiza na mteja mwenye mgogoro wa kibanja (kipande cha ardhi anachokalia mtu kwenye ardhi ya mwenye hati), nikayaweka kwenye Moodle, mfumo wetu wa masomo mtandaoni, kwa kutumia H5P, zana ya kutengeneza video shirikishi: video inasimama, mwanafunzi anachagua aulize nini. Wameipenda, hilo sikatai. Tatizo, wanabofya tu mpaka jibu sahihi litokee. Nilipoondoa nafasi ya kurudia, wakaanza kutumiana majibu WhatsApp (hapo umoja wao ni wa kupigiwa mfano!).

Halafu wengi wanatumia simu, na bando ni ghali. Nikajaribu sauti pekee na picha za mnato. Bando limepona, lakini uso wa mteja anayeficha jambo hauonekani tena, na huo ndio somo lenyewe.

Aliyewahi kutengeneza kisa chenye njia nyingi, ambapo swali baya linamfanya mteja anyamaze badala ya kutokea alama ya kosa, anakipangaje bila kurekodi vipande visivyo na mwisho? Na maksi mnatoa kwa chaguo lenyewe, au kwa maelezo ya kwa nini mwanafunzi amelichagua?

Natanguliza shukrani.