Nina mruko mmoja tu, nataka suti ya mabawa: nipite njia gani nikiwa Tanga?

Mwambani_T

Habari zenu wakuu. Nipo Raskazone, Tanga. Nina mruko mmoja wa mwavuli kutoka ndegeni, wa tandemu (yaani nimefungwa kwa mkufunzi), kule Diani, Kenya, na nia yangu ni kufika kwenye suti ya mabawa, ile yenye kitambaa kwenye mikono na miguu kinachokufanya upae kabla ya kufungua mwavuli. Naombeni wenye ujuzi mnielekeze.

Kwanza, kila mahali naona wanataja miruko 200 ndipo uvae suti. Kwa nini 200? Mwepesi wa kujifunza hawezi kuanza akiwa na 60? Pili, kuna suti iliyotumika inauzwa mtandaoni, saizi yangu, bei nzuri, ila muuzaji anasema ni ya waliokwisha kuzoea. Niinunue ikae ndani inisubiri? Tatu, jabali la Irente pale Lushoto, mbona sisikii mtu anaruka? Nauliza kwa sababu ndege ni gharama na jabali lipo.

Uzito wangu ni kilo 70, kama unahusika.

Fundi_Miavuli

Karibu, ndugu yangu. Uzito unahusika sana, na umefanya vizuri kuutaja. Ila naanza na hiyo 200, kwa sababu ukiielewa, maswali mengine mawili yanajijibu nusu.

Kiwango hicho ni cha chama cha waruka miavuli cha Marekani, USPA, na vituo vingi nje ya Marekani vinakifuata. Hakikuwekwa kwa sababu suti ni ngumu kupaa. Ukitandaza mabawa, inapaa. Kiliwekwa kwa sababu suti inakunyang'anya vitu vitatu ambavyo mrukaji wa kawaida anavitegemea bila hata kuvifikiria.

Cha kwanza ni mikono. Bawa la mkono limeshonwa kutoka kiganjani hadi kiunoni. Katika suti nyingi, mwavuli ukifunguka vibaya huwezi kunyoosha mikono juu ukashika kamba mpaka ufungue zipu kwanza. Zipu mbili, huku unazungushwa. Kama kutambua hitilafu bado kunakuchukua sekunde nne za kufikiri, hizo sekunde huna tena.

Cha pili ni kile kifaa cha kielektroniki kinachofungua mwavuli wa akiba chenyewe, AAD. Cha kawaida cha mrukaji mwenye leseni hufanya kazi ukipita kiasi cha futi 750 ukiwa bado unaanguka kwa kasi ya mita 35 kwa sekunde au zaidi. Mtu aliyelala kifudifudi bila suti anaanguka kama mita 54 kwa sekunde, kwa hiyo kifaa kinamwona. Mwenye suti anashuka mita 22, pengine pungufu. Anaweza kufika chini amezimia, mabawa yametanda, na kifaa kikaona kila kitu ni shwari. Yapo matoleo yaliyopangwa kwa ajili ya suti, lakini usijenge usalama wako juu yake.

Cha tatu ni hewa safi mgongoni. Nyuma ya suti kuna hewa iliyovurugika, pana kuliko ya mtu wa kawaida. Kile kimwavuli kidogo unachokirusha ili kivute mwavuli mkuu kinaweza kuzama humo kikacheza mgongoni bila kuvuta chochote. Ndiyo maana mkoba wa mgongoni wenye miavuli, ukitumika na suti, hufungwa utepe mrefu zaidi na kimwavuli kikubwa zaidi, na unakirusha kwa nguvu ubavuni, hukiachii tu.

Sasa njia yenyewe. Tandemu uliyofanya ni safari ya abiria, usiihesabu sana. Unaanza kozi ya AFF: miruko saba au minane ya hatua kwa hatua, ya mwanzo ukiwa na wakufunzi wawili wamekushika. Leseni A ni miruko 25, B ni 50, C ni 200, D ni 500. Mwanafunzi na mwenye A hufungua si chini ya futi 3,000 kutoka ardhini. Akiona mwavuli haurukiki, uamuzi wa kuukata (kuuachia uende ili utumie wa akiba) unapaswa kuwa umeshafanyika kabla ya futi 2,500. Kuanzia leseni B ni 1,800. Chini ya futi 1,000 hukati tena, unavuta wa akiba. Namba hizi zikae mwilini, siyo kwenye daftari.

Kati ya 25 na 200 ndipo watu wanapoharibu. Wanahesabu miruko badala ya kujifunza. Kipindi hicho kitumie kwa mambo haya: kuteleza hewani kwa mstari ulionyooka bila kuyumba, kufungua mwavuli mabega yakiwa sawa kila mara, kutua pale ulipokusudia na siyo pale ulipofika, kukunja mwavuli wako mwenyewe. Mwenye miruko 200 ambaye bado anayumbisha bega la kulia akivuta hajafika, hata karatasi ikisema amefika.

Dada_Pongwe

Naongezea upande wa vifaa, maana hiyo suti ya mtandaoni imenitia wasiwasi.

Usiinunue. Suti ya waliozoea ina bawa kubwa la miguu na mikono iliyobana, na mpini wa kurushia kimwavuli unafichika chini ya kitambaa. Mtu wa mara ya kwanza anatakiwa suti ndogo, bawa fupi, mpini anaoufikia bila kuutafuta. Suti kubwa pia ikishika mzunguko wa bapa, yaani unazunguka kama pia ukiwa umelala, ni kazi kuutoa: unakunja mabawa yote, unajikunja kama mpira, unasubiri kasi ishuke, kisha unatandaza upya pande zote kwa pamoja. Bila suti ndogo na bila mazoea, wengi hufanya kinyume, wanatandaza zaidi. Ikifika futi 6,000 bado unazunguka, acha kupigana, fungua mwavuli.

Hesabu ya mwavuli wako sasa. Kilo 70 zako, ongeza vifaa kama kilo 14, unatoka kwenye ndege na kilo 84, yaani ratili 185. Gawa kwa ukubwa wa mwavuli kwa futi za mraba, upate ratili zinazobebwa na kila futi ya mraba. Mwavuli wa mwanafunzi wa 260 unakupa 0.71: mpole, unasamehe. Wa 190 unakupa 0.97. Wa 150 unakupa 1.23, na huo ukikosea kuvuta breki za kutua unakuvunja mguu. Kwa suti chukua mwavuli wa vyumba saba, mpole, usio na umbo la yai. Huo wa yai, wa mbio, ukifunguka huku kamba zimejisokota, unaanza kuzunguka wenyewe na kushuka.

Jambo moja nalisema kwa mkazo: mikanda ya mapaja. Bila suti, ukisahau kuifunga utaona, utahisi. Ukiwa na suti imefunikwa na kitambaa na zipu, na suti yenyewe inakubana mapajani, kwa hiyo mwili unakudanganya kwamba mkanda upo. Watu wamekufa hivyo, wakatoka kwenye mkoba wao mwavuli ulipofunguka. Kagua mara tatu: kabla ya kufunga zipu za miguu, kabla ya kupanda ndege, na kabla ya mlango kufunguliwa. Mara ya tatu ingiza mkono na uvute mkanda wenyewe, usiguse juu ya kitambaa.

Na usishone chochote mwenyewe. Patrick de Gayardon, Mfaransa aliyetengeneza suti ya mabawa ya kisasa miaka ya 1990, alikufa Hawaii mwaka 1998 kwa sababu ya mabadiliko aliyokuwa ameufanyia mkoba wake wa mwavuli. Hakuna aliyeijua suti kumzidi. Mwaka uliofuata Jari Kuosma na Robert Pečnik wakaanzisha BirdMan, wakaanza kuuza suti pamoja na utaratibu wa kufundisha kuivaa. Mwavuli wa akiba nao hukunjwa na fundi mwenye cheti tu, Marekani kila siku 180. Huku kwetu kwenye chumvi na unyevu mimi nisingevuka muda huo hata kwa wiki.

Mlenga_Kusi

Wenzangu wamesema vizuri. Mimi niguse mlango wa ndege na bahari.

Ndege ndogo nyingi zinazorusha watu, Cessna Caravan ikiwemo, zina mkia wa chini. Ukitoka mlangoni na mabawa wazi, hewa inakuinua badala ya kukuacha ushuke, na bawa la mkia linakuja nyuma yako. Kosa hili limeua. Unatoka umefunga mikono na miguu, unahesabu sekunde mbili mpaka umeona mkia umepita juu yako, ndipo unatandaza. Mwambie rubani mapema kwamba kuna suti ili apunguze mwendo na asiinue pua ya ndege.

Ukiruka kutoka futi 13,000 na kufungua 5,500, ambayo ndiyo kimo cha kawaida cha miruko ya kwanza ya suti, una kama sekunde 100 hewani. Kwa mwendo wa mbele wa kilomita 150 kwa saa, hizo ni zaidi ya kilomita nne. Sasa fikiria pwani. Kilomita nne upande usio sahihi, umevuka mwamba wa matumbawe na uko bahari kuu. Kwa hiyo njia inachorwa chini kabla ya kupanda: ukitoka, unageuka digrii 90 kutoka kwenye njia ya ndege, kisha unageuka tena kurudi sambamba nayo, kisha unaelekea uwanjani. Mwenye suti hutoka mwisho, na lazima ajue tandemu zitafungua wapi, maana hizo hufungua juu, kiasi cha futi 5,000 au zaidi, na yeye anakaribia kimo hicho akienda kwa kasi ya gari.

Upepo: kusi na kaskazi vyote, kwenye pwani yetu inayotazama mashariki, vinakusukuma kuingia nchi kavu au kando ya ufuo. Ni afadhali, lakini usizoee. Wakati wa maleleji upepo hubadilika ndani ya saa moja, na wa juu unaweza kwenda tofauti na ule unaotikisa minazi. Mwanafunzi mwenye mwavuli wa kisasa haruki upepo ukipita kilomita 22 kwa saa. Msimu wa kusi kali utakaa chini siku nyingi, panga fedha zako ukijua hivyo.

Ukiingia majini bila suti: legeza mkanda wa kifua ukiwa juu, chomoa ule mkanda unaounganisha mwavuli mkuu na wa akiba, elekea upepo, vuta breki, miguu pamoja, vuta pumzi. Usijifungue kabla miguu haijalowa. Juu ya maji macho hayapimi kimo, mtu anadhani amebakiza mita mbili kumbe ni ishirini. Kitambaa kikikufunika, shika mshono mmoja uufuate mpaka ukingoni. Ukiwa na suti, fungua zipu za mikono na miguu mapema ungali angani, kwa sababu bawa la miguu likijaa maji huwezi kupiga mbizi wala kupiga miguu. Jaketi la kuelea vaa, hata kama uwanja uko nchi kavu.

Mbelei_wa_Soni

Kuhusu Irente, kijana wangu, hapana.

Kimo kinachotajwa, kiasi cha mita elfu moja, ni kutoka ukingoni hadi tambarare ya Mazinde. Siyo kutoka ukingoni hadi mahali mwili wako utakapogusa kwanza. Anayeruka jabalini anapima kwanza ni mita ngapi mpaka mwamba au mteremko unaojitokeza, na jabali likaavyo kule chini kabla ya tambarare. Suti nayo haipai hapo hapo: inahitaji sekunde kadhaa za kuanguka ipate kasi, na jabalini hakuna upepo wa ndege wa kukuanzishia. Mchana jua likipiga ukuta ule, hewa inapanda na kuvurugika. Chini kuna mashamba ya mkonge, na ncha ya jani la mkonge unaijua. Mruko wa jabalini ni mwavuli mmoja tu, hakuna wa akiba. Wanaofundisha wanataka uwe na miruko kama 200 ya ndege kabla ya jabali lolote bila suti. Suti jabalini huja baada ya mamia ya suti kutoka ndegeni na miruko mingi ya jabali bila suti. Ujanja wa kukwepa nauli ya ndege haupo hapo.

Fundi_Miavuli

Nimsahihishe kidogo atakayesoma na kudhani mkanda ule wa kuunganisha mwavuli mkuu na wa akiba uondolewe moja kwa moja. Majini, ndiyo. Kuna warukaji wa suti wanaouondoa kabisa, kwa hoja kwamba ukikata mwavuli huku unazunguka, wa akiba utafunguka ungali unazunguka. Hoja ina uzito kwa mwenye mamia ya miruko ya suti anayejua kujituliza kwanza. Kwa anayeanza, kuchelewa kuvuta wa akiba ni hatari kubwa kuliko kamba kujisokota. Uache ukiwa umefungwa.

Mwambani_T

Nashukuru sana, shikamooni wakubwa. Suti siinunui. Kozi nategemea kuianza kaskazi ijayo. Kwa sasa nipo nyumbani sina mkoba wala mwavuli, kuna cha kufanya?

Dada_Pongwe

Marahaba. Kipo. Lala kifudifudi kitandani, kifua kikiwa nje ya ukingo, fanya mfuatano wote: tazama kimo, punga mikono, vuta, hesabu, tazama juu. Kisha hitilafu: tazama mpini wa kulia, wa kukata mwavuli mkuu, ushike, tazama wa kushoto, wa mwavuli wa akiba, ushike, ng'oa wa kulia mpaka mkono unyooke, ng'oa wa kushoto. Macho yatangulie mkono kila mara. Mara ishirini asubuhi, ishirini jioni, na mtu mwingine akutajie hitilafu bila kukuonya.

Halafu nenda ufukweni hapo hapo Raskazone uogelee umevaa suruali ndefu na viatu, dakika kumi, ukiwa na mwenzako. Kama hiyo inakushinda, itafutie dawa kabla ya kulipia kozi.

Mlenga_Kusi

Na ukivuka mpaka wa Horohoro kwenda Diani, wapigie kituo simu kabla, uulize kama msimu huo wana mkufunzi wa AFF au ni tandemu tu, na kama uzito wako pamoja na vifaa una mwavuli wa kufundishia wa 230 kwenda juu. Wakikuambia watakupa 170 kwa kuwa ndio uliopo, subiri.