Kauri kwa kamera ya inchi 4 kwa 5: negativu zatoka nyepesi

Mpwani
Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Nina kamera ya inchi 4 kwa 5, lenzi milimita 150. Mandhari inanipa safi. Ila nikipiga kauri ya madoa, lile gamba la baharini lenye meno upande wa tumbo, urefu kama sentimita 7, itoke kwenye filamu kwa ukubwa wake halisi, negativu zinakuwa nyepesi, upande wa kivuli hamna kitu. Filamu ni FP4 Plus, mita ya mwanga inasema sekunde 2 kwa tundu la lenzi f/22. Shata imepimwa, ni nzima. Shida nini?

FundiStudio
Marahaba. Mita haijui kama umevuta mvukuto, ule mfuko wa mikunjo kati ya lenzi na filamu. Shika rula, pima kutoka ubao wa lenzi hadi kioo cha nyuma: kwa ukubwa halisi utakuta kama milimita 300, mara mbili ya lenzi yako. Mbili mara mbili, nne. Yaani filamu inapata robo tu ya mwanga, na sekunde 2 zinakuwa 8. Bado. Filamu ikikaa wazi muda mrefu hivyo inazidi kuwa nzito kupokea, kwa hesabu ya Ilford wenyewe, watengenezaji wa filamu hiyo (muda kwa kipeo cha 1.26) hizo 8 zinafika karibu 14. Zima feni, usiguse meza.

Na kulenga: usihangaike na lenzi. Ukiisogeza, ukubwa wa picha nao unabadilika, hutamaliza leo. Funga mbele, sogeza nyuma. Sisi tulionakili picha za harusi za watu studio tulilijua hilo kabla ya kujua kupiga sura.

Mpwani
Duh, asante mzee. Nikibana hadi f/45 mgongo na meno si vyote vitatoka vikali?

FundiStudio
Wapi! Kwa umbali huo f/22 inafanya kazi kama f/45. Ukibana zaidi ni kama f/90, picha nzima inalegea. Baki hapo, utapata ukali wa unene usiofika sentimita moja.

BiKitambaaCheusi
Na akiinamisha lenzi, mzee?

FundiStudio
Bibie, kwa jani ningekubali. Kuinamisha kunageuza ubapa wa ukali, yaani lile tabaka linalotoka kali, hakuunenepeshi, na kauri ni duara. Mpwani, igeuze tumbo lielekee lenzi. Meno yote yako karibu usawa mmoja, mgongo uache uyeyuke.