Naomba ushauri: vitu kwenye video ya matumbawe Nikumaroro, ni ndege au mawe?

Mtafuta_Bawa: Wakuu, heshima kwenu. Nina video ya roboti iliyoshuka kwenye mteremko wa matumbawe kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Nikumaroro, Kiribati, bahari ya Pasifiki. Kinachotafutwa pale mnakijua: ndege Lockheed Electra 10E ya rubani Amelia Earhart na mwongoza njia wake Fred Noonan, iliyopotea 2 Julai 1937 ikitoka Lae (Papua New Guinea ya leo) kwenda kisiwa cha Howland. Nimeona duara, mstari ulionyooka kama ukingo wa bawa, na kitu chembamba kama waya. Nianzie wapi kuhakiki?

Fremu_kwa_Fremu: Mkuu, faili asili unayo? Video iliyobanwa (faili lake limepunguzwa ukubwa) hugawanyika miraba midogo, na kingo za miraba hiyo huzaa mistari ambayo haipo baharini. Toa fremu (picha zinazounda video) moja moja bila kuzibana, kisha fuata kitu hicho sekunde kadhaa kabla na baada. Ukingo wa kweli hubaki umenyooka roboti ikibadilisha pembe. Ukihama pamoja na taa, hicho ni kivuli. Usiongeze ukali wa picha, maana unachora pindo jeupe ambalo baadaye utaliita bati. Rangi nayo usiitegemee peke yake: maji humeza wekundu haraka sana, hivyo jiwe lile lile hubadilika rangi kadiri taa inavyolikaribia.

Kipimo_Kwanza: Roboti ilikuwa na nukta mbili za leza? Umbali kati yake ukiujua, ndiyo rula yako. Kama hazipo, usikadirie kwa macho. Kioo bapa cha kamera hukifanya kitu kionekane karibu kwa robo ya umbali wake na kikubwa kwa takriban theluthi moja.

Sasa linganisha. Electra ilikuwa na mabawa ya mita 16.8 kutoka ncha hadi ncha, na urefu wa mita 11.8. Injini zake mbili za Pratt & Whitney Wasp zilikuwa kila moja na silinda 9 zilizozunguka mhimili mmoja, kipenyo kama mita 1.3. Duara lako likiwa nusu ya hapo, si injini.

Mtafuta_Bawa: Leza hazipo. Ila duara lina rangi ya kahawia, na pembeni linamenyeka matabaka.

Chuma_na_Alumini: Hapo ndugu yangu, waza meli kwanza. SS Norwich City, meli ya mizigo ya Uingereza, ilikwama upande huo huo wa mwamba mwaka 1929, na mawimbi yamekuwa yakiivunjavunja tangu wakati huo. Kutu ya kahawia inayovimba na kumenyeka ni ya chuma. Alumini hutoa unga mweupe au wa kijivu na vishimo vidogo, na ikigusana na chuma kwenye maji ya chumvi, yenyewe ndiyo huliwa kwanza. Unene wa bati la meli hupimwa kwa sentimita na riveti zake (misumari ya kuunganishia mabati) zina vichwa vikubwa. Ngozi ya ndege ni nyembamba sana, na riveti zake ni za milimita chache, mistari yake imenyooka.

Kwa hiyo usitegemee kukuta bawa zima pale. Tafuta vizito: injini, vitovu vya propela, miguu ya magurudumu. Kuhusu "waya", yapo matumbawe marefu membamba kama mjeledi, mengine yamejisokota. Kebo ina unene uleule mwanzo hadi mwisho. Tumbawe hupungua kuelekea nchani, na ukilikaribia utaona vijidudu vyake, yaani wanyama wadogo wanaolijenga, vimetokeza.

Kipimo_Kwanza: Mkipata nafasi ya kurudi, pitisheni kamera polepole, kila picha ifunike ile iliyotangulia kwa asilimia 70 hivi, mkitumia pembe mbili tofauti, na rula ionekane ndani ya picha. Kutokana na hizo mtajenga umbo la 3D kwenye kompyuta, linalopimika. Msiguse wala kuinua kitu: eneo lile ni hifadhi ya Visiwa vya Phoenix, lipo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2010, na alumini iliyokaa chumvini huoza haraka ikikauka hewani.

Fremu_kwa_Fremu: Kumbuka picha ya sona (kifaa kinachopima sakafu ya bahari kwa mawimbi ya sauti) iliyotangazwa Januari 2024, yenye umbo kabisa la ndege, mabawa na mkia. Watafutaji walioipata waliporudi na kamera mwaka huo huo wakakuta ni mwamba. Tuma fremu 20 za mfululizo za ule ukingo, tuanze na huo. Duara liache kwanza.