Mnaozungusha fomu za Vermont kujitenga, waacheni wazee wetu

Wakuu, nina hasira na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunijibu.

Hapa Vermont, miji ya Burlington na Winooski ambako Wakongo, Warundi na Wasomali Bantu tumejaa, kuna vijana wetu wenyewe wamedandia hoja ya jimbo kujitoa Marekani na kuwa nchi. Wanaisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, wanatembea na fomu, wanasainisha watu. Juzi wamemsainisha mzee jirani yangu ambaye hasomi Kiingereza, naye akadhani ni karatasi ya msaada wa kodi ya nyumba. Nilipowauliza nikaambiwa mimi mwoga, eti sijui kwamba Vermont ilishawahi kuwa nchi.

Najua. Kuanzia 1777 hadi 1791 ilijiendesha yenyewe, ikatengeneza sarafu zake za shaba, na katiba yake ya 1777 ilikataza mtu mzima kushikwa utumwani. Mambo ya kujivunia kabisa. Ila waasisi wale hawakuwa wanatafuta pa kutokea. Waliomba kuingia kwenye muungano tangu mwanzo, New York ikawawekea ngumu kwa sababu ilidai ardhi ile ni yake. Walipokelewa Machi 1791 kama jimbo la 14, baada ya kukubali kuilipa New York dola 30,000. Na majimbo ya Kusini yalipojitoa mwaka 1860 na 1861, Vermont ilipeleka wanaume zaidi ya 34,000 kwenda kuyapiga vita, na zaidi ya 5,000 walikufa. Halafu leo mtu ananiambia kujitenga ni jadi ya hapa!

Kisheria mlango umefungwa tangu 1869. Kwenye kesi ya Texas dhidi ya White, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema jimbo haliwezi kujitoa kwa uamuzi wake peke yake. Labda kwa mapinduzi, au majimbo mengine yaridhie. Mapinduzi mtayafanya na nani? Sensa ya 2020 ilihesabu watu 643,077 jimbo zima, na ni Wyoming tu iliyo na wachache kuliko sisi. Zile ndege za kivita za F-35 zinazotupasua masikio hapa Winooski, mnadhani Washington itawaachia mziegeshe kama urithi? Na hiyo ridhaa, nitajieni jimbo moja lililowahi kusema litaitoa.

Tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo ninapochemka zaidi. Karibu theluthi ya bajeti ya jimbo hili inatoka serikali kuu. Dr. Dynasaur, bima ya afya inayowatibu watoto wenu bure, sehemu kubwa ya hela yake ni ya Washington. Fudi stampu (msaada wa chakula), ya Washington. Mafao ya wazee, ya Washington, na Vermont ni miongoni mwa majimbo yenye asilimia kubwa zaidi ya wazee Marekani. Jimbo hili lenyewe lilishajaribu kubeba matibabu ya watu wote. Mwaka 2011 lilipitisha sheria ya bima moja kwa kila mkazi, ya kwanza ya aina yake nchini. Wataalamu wakakaa na kalamu miaka mitatu. Desemba 2014 gavana Peter Shumlin, ambaye ndiye aliyeipigania, akatoka hadharani akasema haiwezekani: waajiri wangetakiwa kulipa kodi ya asilimia 11.5 ya mishahara, na juu yake wananchi nao wachangie hadi asilimia 9.5 ya kipato. Akaiacha. Na hapo hesabu ile ilikuwa inategemea mabilioni ya serikali kuu yaendelee kuja! Sasa nyie mnataka jimbo hilo hilo lilipie hospitali, pensheni, jeshi, balozi, forodha na mpaka wake, kwa kodi ya nani? Ya mama anayefanya usafi hotelini usiku?

Mafuriko ya Julai 2023 mliyaona kwa macho yenu. Katikati ya Montpelier, makao makuu ya jimbo, maduka yalijaa maji. Mwaka uliofuata, tarehe zile zile, mvua ikarudi ikabomoa barabara na nyumba upya. Waliojenga tena walijenga kwa fedha za maafa za serikali kuu, na hata hizo zilichelewa, watu wakalalamika, tena kwa haki. Nchi yenye watu wachache namna hii, milima mitupu na miji iliyokaa mabondeni kando ya mito, ingekopa wapi kila Julai?

Mtaniambia tuna maziwa na sharubati ya mepo, ile ya utomvu wa mti. Ni kweli karibu nusu ya sharubati yote ya mepo inayotengenezwa Marekani inatoka hapa. Maziwa nayo ni mengi, lakini ng'ombe wa wilaya za Addison na Franklin wanakamuliwa na vibarua wa Mexico na maziwa yenyewe yanaenda kunywewa Boston na kwingine nje ya jimbo. Bahari hatuna, kwenye majimbo yote sita ya New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, ni sisi peke yetu tusio na pwani. Umeme mwingi tunaununua Quebec, huko Kanada. Siku Boston ikiwa ng'ambo ya mpaka wa forodha, mkulima ambaye leo anauza kwa hasara atapona vipi?

Na huo mpaka mnaouota, nendeni Derby Line, kijiji chetu kilicho mpakani na Kanada, mkautazame. Kuna maktaba ya Haskell, ilifunguliwa 1904, imejengwa makusudi juu ya mstari wa mpaka, mlango mkuu upande wa Marekani na vitabu vingi upande wa Kanada. Zaidi ya miaka mia Wakanada wa Stanstead, mji wa upande wa pili, walitembea kwa mguu barabarani wakaingia kusoma bila kuulizwa pasi. Mwaka 2025 wakubwa wa mpaka wa Marekani wakaamua basi, ikabidi Wakanada watengenezewe mlango upande wao. Maktaba ya kijiji, wakuu! Nyie mnataka mstari wa namna hiyo uzunguke jimbo zima, utukate na New Hampshire wanakofanya kazi ndugu zetu na Massachusetts walikohamia watoto wetu.

Sasa sisi wenyewe. Hatukuletwa hapa na Vermont. Tulipofanyiwa usaili kambini Nyarugusu, Tanzania, waliokaa upande wa pili wa meza walikuwa maofisa wa serikali ya Marekani. Grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, unaiomba baada ya mwaka mmoja, uraia baada ya miaka mitano, na jimbo halina mamlaka ya kukupa hata kimoja. Mwenye grini kadi akikaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka bila kibali anaweza kuipoteza. Siku Vermont ikiwa nje ya Marekani, huyo mzee mliyemsainisha atakuwa anakaa wapi? Mmemwambia hivyo? Alikimbia Fizi, Kongo, akakaa kambini miaka asiye na nchi, na nyie kwa raha zenu mnamtafutia njia ya kurudi kwenye hali hiyo. Jina lake mlifute na fomu yake mrudishe, tena mumwombe radhi mbele ya wanawe.

Halafu mmejiuliza hoja hii ilipita mikononi mwa nani kabla haijawafikia? Aliyeianzisha upya mwaka 2003 ni Thomas Naylor, profesa mstaafu wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Duke, chini ya jina la Second Vermont Republic. Kikundi chake kililaumiwa hadharani kwa ukaribu wake na League of the South, watu wa Kusini wanaotaka kujitenga na ambao watetezi wa haki za raia wamewaweka kwenye orodha ya makundi ya chuki. Mtu mweusi mwenye akili zake anasambazaje kitu bila kuuliza hilo? Mgombea ugavana wao wa mwaka 2010 hakufikisha hata asilimia moja ya kura. Wenyeji wenyewe waliwakataa.

Na Wakongo ndio mnaniumiza zaidi, kwa sababu kwetu hili lilishafanyika. Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza mkoa wa Katanga ni nchi. Ilikuwa na shaba, ilikuwa na kampuni ya migodi inayoilipia na maofisa wa Kibelgiji kwenye jeshi lake. Hakuna serikali hata moja duniani iliyoitambua rasmi. Januari 1963 ikaisha mbele ya majeshi ya Umoja wa Mataifa, na waliozikwa ni watu wa kawaida. Katanga yenye shaba ilishindwa, mnanionyesha sharubati.

Hasira yenu kwa Washington naielewa vizuri. Tangu Januari 2025 upokeaji wa wakimbizi ulivyosimamishwa, kuna ndugu waliokwisha kupita hatua zote wamebaki kambini, na mimi ninao wangu. Lakini wanaoshika uamuzi huo wako kwenye Bunge na Ikulu ya nchi ambayo mnataka tusiwe na kura ndani yake. Hapa Winooski, tangu 2021, hata mkazi halali asiye raia anaruhusiwa kupiga kura ya mji. Kura hiyo inapigwa Jumanne ya kwanza ya Machi. Kama mna miguu ya kupita nyumba kwa nyumba, piteni na fomu hizo za kujiandikisha, mzisome kwa Kiswahili mbele ya mtu kabla hajashika kalamu.

Anayetaka kubishana na mimi hapa chini aanze na suala la grini kadi. Asiyeweza kulijibu asinitumie picha za bendera.