Nanomita za chipu ni lumbesa tupu, nimechoka kuibiwa kwa namba

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Majuzi nilienda Mwanjelwa kununua simu. Muuzaji akaweka mbili mezani, moja chipu yake nanomita 6, nyingine nanomita 4 (nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni). "Kaka, namba ikishuka, spidi inapanda na joto linapungua." Nikaongeza laki moja na nusu, hela ya viazi hiyo! Mimi nipo Uyole, asubuhi baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, lakini nikirekodi video shambani dakika kumi tu simu haishikiki kwa moto.

Nikaanza kuchimba. Kumbe hiyo 4 haipimi kitu chochote ndani ya chipu. Chipu imejaa transista, yaani swichi ndogo sana za umeme, na geti ni sehemu ya transista inayofungua na kufunga umeme. Zamani namba ilienda na urefu wa geti hilo, siku hizi ni jina la biashara. Kwenye chipu wanazoziita za nanomita 5, kutoka geti moja hadi la pili ni kama nanomita 50. Mara kumi, jamani! Mwaka 2021 Intel, watengeneza chipu wa Marekani, walichukua teknolojia yao ya nanomita 10 iliyoboreshwa wakaipa jina jipya, Intel 7. Utetezi wao ni kwamba transista zao zimebanana sawa na za nanomita 7 za TSMC, kiwanda cha Taiwan kinachowatengenezea wengine chipu, na hapo hawajadanganya. Basi waandike kwenye boksi ni transista ngapi kwa milimita ya mraba, tujue moja.

Na hata hiyo haitoshi. Mwaka 2022 Qualcomm, wanaobuni chipu za simu na kuwapa wengine kazi ya kuzitengeneza, walikuwa na chipu ya Snapdragon 8 Gen 1 iliyotengenezwa na Samsung, nanomita 4. Ikaja 8+ Gen 1, safari hii kazi wakapewa TSMC, nanomita 4 vilevile. Qualcomm wenyewe wakatangaza kuwa kwenye hiyo ya pili, sehemu ya michoro (GPU) imepunguza ulaji wa umeme kwa hadi asilimia 30. Sasa 4 ipi ndiyo 4?

Sisi wa viazi mchezo huu tunaujua. Gunia linaitwa la kilo 100, mnunuzi analishonea kofia juu, anabeba mzigo mkubwa kwa bei ya gunia moja; hiyo ndiyo lumbesa. Lakini lumbesa ina Wakala wa Vipimo wa kuikamata. Nanomita anazikamata nani?

Jumatatu narudi dukani na simu na risiti yangu. Mwenye simu ya nanomita 4 isiyochemka aweke hapa jina la chipu na kiwanda kilichoitengeneza. Hicho ndicho nitakachouliza safari hii, namba yao wabaki nayo.